Mguu wa Mwanasiti Kwenye Kalenda

Sikuiacha kazi. Magoti ndiyo yaliyoniacha. Ukichutama mbele ya mabeseni ya watu tangu ujana mpaka mvi, iko siku utachutama na usiinuke tena, na mimi siku hiyo ilinipata uani kwa watu, mbele ya wajukuu zao. Wakanivuta wawili, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, kama wanaotoa ng'ombe shimoni. Ofisini wakanikatia keki, wakanipa saa ya ukutani. Saa, kwa mtu asiye na pa kuwahi tena.

Halafu msichana mmoja katika nyinyi mlioingia juzi akaniambia, "Mama Mishi, tuandikie mawili matatu ya kazi, tujifunze." Nikamwambia mimi shule niliishia kidato cha pili, tuliachana kwa wema, yeye hakunitaka na mimi sikumbembeleza. Akasema andika hivyo hivyo unavyosema. Haya, ninaandika. Nani alipanda cheo lini na mshahara ulikuwaje hamtasoma hapa. Vyeo vyangu vyote vilikuwa na maana moja, tembea kwa miguu. Na nitawachekesha kidogo, maana ndivyo nilivyoumbwa, lakini mjue tangu mwanzo kwamba nimekasirika. Nimekasirika tangu ile kalenda na sijapoa.

Niliingia kazini nikitoka dobi ya hoteli moja ya Diani, nilikokuwa nikifua mashuka. Mradi ulikuwa wa utafiti wa matende, ule ugonjwa wa mguu kuvimba hata ukawa kama gogo, nao huletwa na mbu. Walikuwa wanatafuta mtu anayesema Kidigo na asiyeona kinyaa. Kidigo nilizaliwa nacho. Kinyaa kilinitoka dobini. Aliyefua mashuka ya watalii hana la kuogopa mguuni kwa mtu.

Siku ya kwanza nikapewa futi, ile ya fundi cherehani, ya kupimia unene wa mguu kwenye kifundo, kwenye muundi na chini ya goti. Nikavaa viatu vipya na manukato juu. Tukaenda kijiji kimoja nyuma ya Msambweni. Nikafika mji wa kwanza, nyumba tatu nne za ukoo mmoja, uani wamejaa wanawake wanachambua mchicha, nami kwa sauti ya kunadi samaki nikauliza, "Hodi jamani, ndipo hapa kwa mwenye matende?"

Mama mmoja akainuka, akajikokota ndani, akafunga mlango. Ndiye niliyekuwa nikimtafuta. Wengine wakaendelea na mchicha wao kama kwamba mimi ni upepo umepita.

Niliyefuatana naye ni Sista Mbodze, muuguzi Mduruma wa upande wa Kinango, mfupi, mkavu, mwenye kutembea haraka kama anayedaiwa. Hakunigombeza pale. Alingoja mpaka tukawa njiani.

"Mishi, kwenu mkienda kuposa hubisha hodi mkauliza ndipo hapa kwa yule msichana aliyekosa mume?"

"La, Sista."

"Basi kesho utarudi peke yako. Futi utaniachia mimi. Utakaa mpaka ukaribishwe maji."

Nikarudi. Maji hayakuja upesi. Nilichambua mchicha wa mji mzima, nikatwanga na pojo zisizo zangu, jua likafika utosini. Ndipo yule mama akatoka, akaniangalia mikono, akasema, "Vidole hivyo vya sabuni. Ulikuwa dobi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mpeni maji."

Sista Mbodze alikuwa na kanuni yake, osha kwanza, uliza baadaye. Hakukubali mtu afungue daftari kabla hajakunja mikono ya nguo. Nyinyi mna simu za kuandikia majibu na mna chuo, lakini nawaomba mjifunze beseni. Mguu wenye matende una mikunjo, na ndani ya mikunjo ndimo maradhi yanamolala. Maji yawe safi, yawe vuguvugu tu. Sabuni ile ya kipande, isiwe na harufu kali. Unaosha kutoka goti kushuka chini, kila mkunjo, kisha vidole. Kukausha ndiko kazi yenyewe. Kitambaa unakipitisha kati ya kidole na kidole polepole, kama unavyopangusa chimni ya taa. Ukiacha unyevu, fangasi anaingia, panachanika, homa inampiga mtu siku tatu na mguu unazidi. Na usizibe pua. Ukiziba pua mara moja tu, rudi ofisini kaombe kazi ya kuchapa.

Sista alikuwa akisema mtu akikupa mguu wake umuoshe amekupa kitu kikubwa kuliko damu, maana damu hutoka ikaja nyingine. Alistaafu, akarudi kwake, sasa yuko mbele ya haki. Ashukuru hakuiona kalenda. Angeichoma yeye, na ofisi pamoja nayo.

Miaka hii ya karibuni likaja neno jipya, washirika. Mgonjwa asiitwe tena mgonjwa, aitwe mshirika wa utafiti, awe na kauli. Nilifurahi, wallahi. Nikasema alaa, kumbe ile kanuni ya Sista imefika mpaka Ulaya. Ikaundwa kamati ya washirika, wanawake zaidi na wazee wawili, wakikutana kwenye kibanda cha kliniki siku ambazo hakuna chanjo. Kikao cha kwanza waliulizwa wanataka fulana za rangi gani. Wakajadiliana kwa adabu, wakachagua kijani, maana nyeupe haistahimili vumbi letu. Zikaja nyeupe, zimeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa: MSHIRIKA.

Mzee Nyawa, ambaye ana busha na ana mdomo, na mdomo ndio mkubwa, aliivaa yake akajigeuza geuza. "Mishi mwanangu," akaniuliza, "mshirika ndiye yule anayeambiwa baadaye?"

Na kwenye ripoti ya kikao iliandikwa kwamba washirika walishirikishwa katika maamuzi. Nilisomewa mimi mwenyewe.

Lakini kikao cha pili kilikuwa cha kweli, na ndiyo sababu ninaandika. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwanasiti, mjane, muuza vibibi, vile vikate vya unga wa mchele, mwenye nyumba ya mlango wa bluu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba tangu akiwa msichana. Mradi ulitaka kupiga picha za miguu, kuona kama kuosha kila siku kunaupunguza. Mwanasiti akasimama, akatengeneza leso begani, akamwambia Daktari mkuu, "Picha mtapiga, hatukatai. Lakini picha ya mguu wangu isitoke nje ya ofisi kabla sijaiona na kuikubali. Na wenzangu vivyo hivyo."

Daktari akasema sawa kabisa, ni haki yenu, akapiga na makofi. Ni mtu wa bara, mpole, mwenye kuamkia wazee vizuri, shikamoo yake haina haraka. Simsemi tabia. Hilo ndilo linalonikera zaidi, angekuwa jeuri ningepata pa kumshika. Wazee wawili Kiswahili chao ni cha kusalimia tu, kwa hiyo maneno ya Daktari nikayageuza mimi kwa Kidigo. Ahadi ile ilipita kinywani mwangu. Andikeni hilo mahali: ahadi ya ofisi ikipita kinywani mwako, kijijini ni yako. Daktari ana uhamisho. Wewe utamwona Mwanasiti sokoni Jumamosi.

Picha ikapigwa. Mwanasiti ameketi kizingitini kwake, mguu ndani ya beseni la manjano, vidonda vimefunguka, leso yake ya mapambo ya korosho imekunjwa gotini, kuku wake kando. Kisha akaosha. Kila siku, masika na kaskazi, maji akiyachota mbali. Mguu ukapungua. Vidonda vikafunga. Ikafika siku akaweza kuvaa champali ya dukani badala ya ile aliyokatiwa na fundi kutoka tairi la gari, na siku hiyo alinipita njiani bila kusimama, makusudi, ili niione. Ikapigwa picha ya pili. Katika kazi yangu yote sijapata kujivunia kitu kama mguu ule, na wala haukuwa wangu.

Mwaka huohuo binti yake, Riziki, akaposwa na kijana wa Lunga Lunga, mtoto wa Mzee Athumani mwenye duka pale karibu na mpaka. Watu wa posa walikuja, wakaongozwa na shangazi yake kijana, Bi Tima. Wakaketi pale pale kizingitini na mkekani, wakala, wakapatana. Harusi baada ya Idi. Mwanasiti siku hiyo mguu aliufunika, na kwa jinsi ulivyopungua hakuna aliyeuliza.

Mwisho wa mwaka ofisi ikachapisha kalenda za bure. Nyinyi wa mjini hamjui kalenda ya bure ni nini Kwale. Inapigwa msumari siku hiyohiyo, juu ya redio. Dereva akazigawa kila mahali, madukani, zahanati, kwa vinyozi, kwa wachuuzi wa mafuta. Nami nikapewa yangu, nikaitundika jikoni. Januari ilikuwa jengo la ofisi yetu, Februari chandarua. Nani anapekua mbele?

Tarehe mosi ya mwezi wa tatu, chai iko motoni, nikapindua ukurasa. Nikamwona kuku kwanza. Kuku wa kishingo, shingo tupu, jicho la ugomvi. Nikacheka, nikasema huyu si yule kuku wa Mwanasiti? Kisha nikaona mlango wa bluu. Kisha leso ya korosho, beseni la manjano, na mguu. Chai ikamwagika motoni na sikuinuka.

Uso hakuna, wameukata kwa ustadi. Na mguu si wa sasa. Ni ule wa zamani, wenye vidonda, umejaza Machi nzima.

Fikirini asubuhi ile. Kutoka Ukunda mpaka mpakani, kila mwenye duka amefungua mlango, amewasha redio, amepindua ukurasa. Lunga Lunga Bi Tima alikuwa amekuja dukani kwa kakake kuchukua sukari. Akainua macho. Kizingiti kile alikuwa amekikalia yeye mwenyewe, na kuku yule alikuwa amemdonoa. Kabla ya adhuhuri ujumbe ukafika kwa Mwanasiti, "Tumeona tungoje kidogo." Pwani hatukatai mtu uso kwa uso. Tunangoja kidogo, na kidogo hicho hakiishi.

Nikaenda kwake jioni. Nilidhani nitakuta kilio. Nilimkuta anachekecha unga wa mchele.

"Karibu," akasema. "Umekuja kumwona Machi?"

"Dada, wallahi sikujua."

"Ninajua hukujua. Ungejua, ungekuwa umeshaangua kicheko au kilio, wewe huna cha katikati." Akaweka chekeche chini. "Riziki yuko ndani, hataki kula. Wanasema ni ugonjwa wa ukoo, umo kwenye damu, atawazalia watoto wenye miguu. Mishi, wewe ulituambia ni mbu. Uliniosha ukiniambia ni mbu."

"Ni mbu."

"Basi aliyenitoa nje anirudishe ndani. Sitaki shilingi yake. Aende Lunga Lunga yeye, kwa miguu yake, aseme ni mbu, na aseme picha aliitoa bila kuniuliza. Wewe hawatakusikiliza. Wewe ni Mishi tu."

Kweli, mimi ni Mishi tu.

Kesho yake nikaingia ofisini Ukunda na kalenda kwapani. Nilianza na Brenda, msichana wa mawasiliano, katoka Nairobi, mzuri wa roho, kila kitu kwake ni "poa".

"Lakini Mama Mishi, face si tulitoa? Hakuna mtu anaweza jua ni nani."

"Brenda mwanangu, nyinyi mnajuana kwa nyuso. Kule mtu anajulikana kwa mguu, kwa kikohozi, kwa mlango, kwa kuku."

"Hata kuku?"

"Kuku hasa."

Nikaingia kwa Daktari. Akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za magoti. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, kisha akasema, "Alitia kidole gumba kwenye idhini ya utafiti."

"Utafiti, Daktari. Si duka la Mzee Athumani."

"Elimu kwa umma ni sehemu ya utafiti."

"Na ahadi ya kibandani? Ulipiga makofi."

"Yale yalikuwa mazungumzo, Mama Mishi. Hayakuingia kwenye mpango wa kazi."

Mazungumzo. Wagonjwa walitoka majumbani kwao, wengine wakivuta mguu mmoja nyuma, wakaja kukaa kwenye benchi la wajawazito, wakasema neno moja la maana, na sisi tukaliita mazungumzo. Tukiuliza sisi ni data. Wakisema wao ni mazungumzo. Nikaona joto linanipanda kutoka kwenye nyayo.

Daktari akasema watachapisha stika, dereva azunguke kuzibandika juu ya picha.

"Stika mtaubandika ukurasa," nikamwambia. "Bi Tima mtambandika wapi?"

Akaniambia nimechoka, nipumzike nyumbani wiki moja. Nikapumzika. Yaani nilizunguka vijijini kwa boda boda, nikawaambia washirika wote nilivyojibiwa, neno kwa neno, bila chumvi. Mimi kusema bila chumvi ni kazi ngumu, lakini siku zile haikuhitajika.

Wao wakaamua. Mimi sikuwemo katika kuamua, na nyinyi mkisikia wakisema Mama Mishi aliwachochea, mkatae. Mwanasiti alikuwa anajua kuna wageni wa wafadhili wanakuja ofisini, maana kamati ilikuwa imealikwa kuwaimbia. Kuimba tu, kusema hapana. Siku hiyo wakafika asubuhi, wamevaa fulana zao nyeupe zilizokwisha kuwa za kahawia, kila mmoja na beseni, sabuni na kitambaa. Soja wa getini akawauliza kama wana miadi.

Mzee Nyawa akampa mgongo. "Soma, mwanangu. Sisi ni washirika."

Wakapanga mabeseni kwenye varanda, mbele ya mlango mkubwa, wakaketi chini, wakaanza kuosha miguu. Hakuna aliyepiga kelele. Goti kushuka chini, mkunjo kwa mkunjo. Ilibidi mtu akiingia ofisini aruke beseni. Wageni wakafika, wakadhani ni maonyesho yaliyoandaliwa, wakafurahi mno, wakatoa simu zao kupiga picha. Simu zilipoinuka tu, wote wakaifunika miguu yao kwa leso, kwa pamoja, wakawatazama usoni. Hata Mzee Nyawa alijifunika kwa leso ya mkewe.

Mgeni mmoja akamuuliza Daktari kuna nini. Mwanasiti akainuka, mguu unadondosha maji, akasema, "Daktari, shikamoo ulishanipa nyingi. Leo nakuomba safari ya Lunga Lunga."

Tukaenda Alhamisi, gari la ofisi, Daktari mbele, nyuma Mwanasiti, mimi na Brenda. Njia nzima Daktari alikuwa akijisomea karatasi aliyoandika. Nikawaza, huyu anaenda ukweni kwa watu na karatasi.

Mzee Athumani akatupokea sebuleni nyuma ya duka, Bi Tima kando yake. Tukaamkiana vizuri, tukaulizana hali, mvua, barabara. Kisha tukaletewa maji, bilauri moja moja, basi. Nikajua. Kwetu ukweni ukikaribishwa maji matupu, umekaribishwa kuondoka. Mwanasiti alijua pia, alikishika kilemba chake kama anayezuia kisianguke. Daktari alimshukuru mwenye nyumba kwa maji.

Akaanza. Haki yake nimpe, mambo ya mbu aliyaeleza vizuri, bila karatasi. Mbu anamuuma huyu, anamuuma yule, mdudu anapita, mguu unavimba baadaye. Haumo kwenye ukoo. Mama hampi mtoto, mke hampi mume. Mzee Athumani akamuuliza kwa upole, "Wajukuu wangu hawatazaliwa na mguu?"

"Hawatazaliwa nao, mzee. Walale tu ndani ya chandarua."

"Na ile picha?"

Daktari akashika karatasi yake. "Kuhusu picha, tunasikitika. Makosa yalifanyika."

"Yalifanyika na nani?" Mwanasiti akauliza. Sauti ya chini, kama anauliza bei.

"Kulikuwa na kasoro katika mawasiliano."

"Kasoro ina jina la baba?"

"Ni ofisi, mama."

"Ofisi haina mkono. Picha zilikuwa mbili. Mkono wa nani uliichukua hii?"

Daktari akamtazama Brenda. Brenda akatazama viatu. Daktari akanitazama mimi, nami nikaitazama kalenda ukutani dukani, inayoonekana pale mlangoni, Machi ilivyojaa. Sikumsaidia. Miaka yangu yote kazini nilikuwa nikimsaidia, nikiyageuza maneno yake yawe matamu. Siku ile niliyaacha yalivyo.

"Mimi," akasema mwisho. "Niliichagua mimi. Na sikumuuliza."

Bi Tima ndiye aliyedakia, na sikumtarajia. "Kwa nini hiyo yenye vidonda? Na mguu umepona, ninauona hapa."

"Ile ya pili..." Daktari akasita. "Ile ya pili haikuonyesha ugonjwa vizuri."

"Kwa hiyo mtu akipona hamna kazi naye," Bi Tima akasema.

Nilimchukia Bi Tima tangu siku ya ujumbe ule, na pale nilitaka kumbusu mkono. Nilikuwa nimekasirika vibaya, machozi ya hasira yananitoka, ninajifanya ni vumbi. Miezi ya maji ya kuchota mbali, sabuni, kitambaa kidole kwa kidole, na mtu mwenye digrii anasema kupona kwako hakukupendeza machoni. Na alikuwa anasema ukweli. Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyofundishwa kuona.

Mzee Athumani akainuka, akaenda dukani, akasikika anang'oa msumari. Akarudi na kalenda, akachana ukurasa wa Machi taratibu, bila kuukunja, akampa Mwanasiti kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia dadake.

"Tima, wageni hawajala."

Mwanasiti akafunika uso kwa ncha ya leso. Bi Tima akaingia jikoni, na harufu ya nazi ilipotufikia ndipo na mimi nikapumua. Wali ukaja, na samaki wa kupaka, na mchuzi wa kunde. Hasira ilikuwa haijanitoka, nikala kwa hasira, chakula cha watu wawili. Bi Tima akaniambia, "Ongeza, mwenzangu, bado unaonekana umekasirika." Nikaongeza.

Watu wamekaa mkekani pamoja, mikono ndani ya sinia moja, Daktari amekunja miguu vibaya kama mtu wa kiti. Brenda akaona ni picha nzuri, akatoa simu. Akaiinua nusu, akasimama hapo. Akamgeukia Mwanasiti.

"Mama, naweza piga? Ni ya ripoti ya washirika tu."

Mwanasiti akamaliza tonge lake kwanza.

"Hapana."

Brenda akairudisha simu mkobani, akavuta zipu, akaendelea kula. Hakuuliza kwa nini, hakutafuta karatasi, hakumtazama Daktari. Kazi ile niliifanya tangu nikiwa na magoti mazima, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoiona hapana ya mgonjwa ikitosha.